Fuwele au hadubini ya baridi: njia mbili za kupima umbo la protini

Mtafiti anayetaka kujua umbo la protini hadi kwenye atomu zake ana njia mbili kuu. Ya kwanza, ya kupiga kwa eksirei fuwele ya protini, yaani molekuli zake zikiwa zimejipanga kwa utaratibu, ndiyo iliyowapa Max Perutz na John Kendrew Tuzo ya Nobel mwaka 1962. Fuwele nzuri ikishapatikana, data hukusanywa kwa dakika chache tu katika sinkrotroni, mashine kubwa inayotoa eksirei kali sana. Ugumu uko katika kuipata: mwanasayansi wa Israeli Ada Yonath alianza kuhangaikia fuwele za ribosomu, kiwanda cha protini ndani ya seli, karibu na mwaka 1980, na ramani za kina zikatoka mwaka 2000.

Hadubini ya elektroni ya baridi kali haihitaji fuwele. Sampuli hugandishwa ghafla kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kujipanga kuwa barafu ya kawaida, kisha kompyuta huunganisha maelfu ya picha hafifu za molekuli zilizolala pande mbalimbali ziwe umbo moja. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walitunukiwa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2017. Protini ndogo sana bado huisumbua hadubini hii.

Kwa anayeanza leo kuchunguza protini za utando wa seli, ambazo ni nadra kukubali kuwa fuwele, ningependekeza hadubini bila kusita. Anayetafuta dawa, ambaye hulazimika kujaribu mamia ya kemikali juu ya protini moja, atahudumiwa vizuri zaidi na fuwele. Na kwa kuwa Afrika haina sinkrotroni, aombe mapema muda wa kutumia mashine za nje, kama ile ya Grenoble, Ufaransa.