"Mpe Shemeji Simu": Yaliyonikuta na Jiko la Moshi Lenye Kipimajoto Mwongo

Nimekaa na hasira hizi wiki kadhaa nikidhani zitapoa. Hazijapoa, basi naandika.

Jiko lenyewe sitalieleza sana. Ukubwa, uzito na rangi mtavikuta popote linapouzwa. Ni jiko la moshi la kuweka uani, la mkaa, lenye mfuniko mzito na kipimajoto cha mshale kilichofungwa kwenye mfuniko huo. Mimi nina shida na huo mshale, pamoja na maneno matatu niliyoambiwa kwenye simu nilipolalamika.

Nililinunua kwa pesa yangu mwenyewe, na nililinunua kwa ajili ya kuku. Wengi huyanunua majiko haya wakiota mapande makubwa ya ng'ombe yanayolala motoni usiku kucha. Mimi nilimtaka kuku mzima. Baba yangu alikuwa ametoka hospitali, tumbo halijamkaa sawa, kila sahani anairudisha ilivyokwenda. Siku moja akasema, bila kuulizwa, kwamba anatamani kuku wa moshi. Mgonjwa akikutajia chakula kwa kinywa chake mwenyewe, hungoji.

Jumapili hiyo niliamka mapema. Kuku alikuwa kilo mbili kasoro kidogo. Niliwasha mkaa, nikangoja ushike mpaka ukavaa majivu meupe, nikaweka vipande viwili vya kuni za mti wa matunda, kuku juu ya wavu, mfuniko juu. Mshale ukaanza kupanda: 110, 130, 150. Ukafika nyuzi 170 za Selsiasi na bado unakwenda.

Hapo mpishi yeyote angefanya nilichofanya. Jiko la moshi halina swichi. Unaliendesha kwa matundu mawili, la chini linaloingiza hewa kwenye mkaa na la juu linalotoa moshi. Ukifungua la chini moto unapumua, ukilibana unafifia. Nikalibana la chini mpaka likabaki ufa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mshale ukashuka polepole, ukatulia kwenye 135, pale pale nilipoutaka. Nikafurahi, na furaha ile inaniuma mpaka leo.

Inaniuma kwa sababu moshi ulikuwa unaniambia ukweli, nami nikausikiliza mshale. Moshi mzuri wa kupikia ni mwembamba, una ubuluu kwa mbali, wakati mwingine hujui kama upo mpaka uusikie puani. Wangu ulikuwa mweupe, mzito, unatoka kwa mafungu kama mtu amechoma majani mabichi. Huo ni moshi wa moto ulionyimwa hewa. Kuni haziungui sawasawa, na kinachotoka humo kinagandia kwenye ngozi ya kuku: kreosoti, utando wa kunata wenye rangi ya lami, mchungu, unaokuachia ganzi ulimini. Niliuona moshi ule nikaona si wa kawaida. Nikatazama mshale, mshale ukasema kila kitu kiko sawa, nikaenda kukaa na Baba.

Saa tatu nzima kuku alikaa humo. Kwa nyuzi 135 za kweli, kuku wa uzito ule angekuwa ameiva zamani. Nikamtoa, mweusi mweusi wa kupendeza kwa mbali, nikamweka mezani mbele ya Baba. Nikaanza na bawa kwa sababu ndilo alipendalo, nikampa. Kisha nikaushika mguu nikauzungusha. Mguu wa kuku aliyeiva hauna ubishi, unageuka kwenye kiungo chake wenyewe. Huu ulinibishia. Nikaingiza kisu kati ya paja na kiwiliwili, ngozi ikakataa kukatika, ikavutika kama puto. Nikakaza mkono. Ndani kabisa, paja linapoungana na nyonga, nyama ilikuwa inang'aa, ya waridi, inateleza chini ya kisu, na kwenye kiungo palikuwa na damu iliyoganda nusunusu.

Nilipoinua macho, bawa lilikuwa karibu na mdomo wa Baba.

"Baba, weka chini kwanza."

"Kwani vipi, mama?"

Sikuweza kumjibu mara moja. Akaliweka bawa ukingoni mwa sahani, akajipangusa vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, na siku hiyo hakutaja kuku tena. Mtu mwenye tumbo bovu, ametoka hospitali juzi, nusura nimlishe kuku mbichi kwa mkono wangu. Kuku mbichi si mzaha. Ndani yake mna salmonela, mna kampilobakta, na hao hawafi kwa sababu nyama imepakwa rangi ya moshi. Wanakufa kwa joto: nyuzi 74 katikati ya nyama, mbali na mfupa. Paja linataka zaidi ya hapo, 80 na kitu, si kwa usalama bali ili lilainike.

Dada yangu ana kipimajoto cha dijitali cha kuchoma kwenye nyama. Tukamtuma mtoto akikimbilie. Paja lilisoma 58. Tukakiweka kile kile juu ya wavu, mfuniko ukafungwa, tukangoja joto lirudi. Kwenye mfuniko mshale ulisema 135. Kwenye wavu, alipokuwa amelala kuku, kilisema 97.

Nataka kuwa mkweli hapa, maana najua wapo watakaosema kipimajoto cha mfuniko kila mahali huwa na tofauti. Kweli. Kiko juu, kinapima hewa iliyopanda, na chakula kiko chini. Nyuzi kumi na kitu nisingepiga kelele. Ila mimi nilikifungua kile kidude, nati moja tu kwa nyuma, nikatumbukiza ncha yake ya kupimia kwenye maji yanayotokota. Maji hutokota kwa nyuzi 100 ukiwa usawa wa bahari, na ukiwa mlimani hutokota chini kidogo ya hapo, hayapandi juu yake hata uchochee vipi. Kilisoma 131. Nikakiacha kitulie, nikarudia. 131.

Basi moto ule niliodhani umevuka mpaka ndio kwanza ulikuwa unafika panapofaa. Nilikuwa na moto mzuri nikaunyonga, kwa sababu ya kuamini mshale. Uchungu wa kreosoti, ngozi ya mpira, damu kwenye kiungo, vyote vimetoka hapo.

(Kuku tulimmalizia kwenye oveni mpaka paja likapita 80. Kidari kikawa kikavu kama pamba. Tulikula wachache, Baba hakula.)

Kesho yake nikapiga simu huduma kwa wateja. Nilikuwa nimetulia, naapa. Nilikuwa na picha, nilikuwa na namba, nilikuwa nimeziandika kwenye karatasi. Akapokea kijana mwenye sauti nzuri. Nikamweleza kuku hakuiva. Akacheka kidogo akasema, "Dada, kuku wa moshi huwa mwekundu, ndiyo moshi wenyewe huo."

Nusu ya jambo hilo ni kweli, ndiyo maana ni hatari. Moshi huitia nyama rangi ya waridi, gesi zilizomo ndani yake zikishikana na ile protini inayoipa nyama wekundu. Lakini wekundu huo huanzia nje, chini ya ngozi, ukaingia ndani kidogo tu. Hauanzii mfupani. Na kweli pia kuku mchanga aliyeiva anaweza kuwa na wekundu karibu na mfupa, unaovuja kutoka kwenye uboho, kwa hiyo kwa rangi peke yake hujui kitu. Unapima. Nilipima. Nikamwambia 58. Nikamwambia maji ya kutokota, 131.

Akanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile nzuri:

"Sawa dada. Hebu mpe shemeji simu, nimweleze yeye. Haya majiko yana ufundi wake."

Mpe shemeji simu.

Mume wangu hajawahi kuliwasha hilo jiko. Hakulichagua, hakulilipia, hajui hata tundu la hewa liko upande gani, na halijawahi kumsumbua hilo. Nilichokuwa nakisema ni joto la maji yanayotokota, na maji hayaulizi aliyeshika sufuria ni nani. Nikamwambia kijana shemeji yake hahusiki, anieleze mimi. Akasema atamwambia mkubwa wake anipigie. Mkubwa wake hajapiga mpaka ninapoandika haya. Kipimajoto kingine hakijaletwa, na hata pole sijapewa.

Siku hiyo niliandika maoni mtandaoni, jiko nikalipa nyota moja, nikasikitika kwamba sifuri haikuwepo.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo ninapopata taabu. Sikulirudisha. Nilitaka, nikalifungia turubai, nikalipita kila siku na kisirani. Lakini Baba alikuwa bado hajala kuku wake. Nikanunua kipimajoto changu mwenyewe chenye nyaya mbili, mmoja wa wavuni na mmoja wa kwenye kidari, nikaanza upya kama vile ule mshale haukuwahi kuwepo.

Usiku wa kabla yake nilimpaka kuku chumvi, gramu 15 kwa kila kilo, nikamwacha kwenye friji bila kumfunika ili ngozi ikauke. Sikumwosha. Kumwosha kuku mbichi ni kurusha vijidudu kwenye sinki nzima. Asubuhi nikamkata uti wa mgongo kwa mkasi, nikamgeuza, nikamkandamiza kifua mpaka nikasikia mfupa umelia, akalala bapa. Hivyo paja na kidari vinapata moto kwa usawa zaidi. Na safari hii sikumpika kwa joto la chini. Hilo la chini na polepole ni la nyama ngumu, yenye kano zinazohitaji muda mrefu kuyeyuka. Kuku hana shida hiyo. Ukimweka kwenye nyuzi 110 unachopata ni ngozi ya mpira, maana mafuta yaliyo chini yake hayapati joto la kuyayeyusha. Nikalipeleka jiko mpaka 150 kwa kipimajoto changu, tundu la chini wazi nusu, la juu wazi kabisa.

Moshi ukatoka mwembamba. Nilisimama nikautazama dhidi ya ukuta, ulikuwa kama pumzi. Nikainamisha sikio karibu na mfuniko, nikasikia mafuta yanadondoka na kulia tss kwenye karai la maji chini. Baada ya saa moja na robo hivi, kidari kikagonga 74. Nikachoma paja: 83. Mguu nikaugusa tu, ukageuka.

Nikamwacha apumzike dakika kumi. Rangi yake ilikuwa ya shaba, si nyeusi. Ngozi ya kidari ilipasuka chini ya kisu kwa sauti, na chini yake kulikuwa na ule mstari wa waridi, mwembamba kama uzi, pale unapotakiwa kuwa. Baba alikula mabawa yote mawili. Akala na paja. Akaomba na mgongo nilioukata, niliokuwa nimeuweka pembeni ya wavu, akaufyonza mfupa baada ya mfupa bila kusema neno.

Usiku huo nilifungua simu nikabadilisha nyota zikawa nne. Na kwa haki, chuma cha jiko hili ni kizuri. Mfuniko unakaa sawasawa, hauvujishi moshi pembeni, na joto likishatulia linakaa saa nzima bila kuguswa. Ningemwambia mtu alinunue. Nimeshamwambia mtu alinunue, shoga yangu, nikampa na sharti: akilifikisha nyumbani atumbukize kipimajoto kwenye maji ya moto kabla hajagusa mkaa.

Lakini nikiandika haya mkono unatetemeka tena. Hizo nne ni za jiko ambalo mimi ndiye nimelitengeneza kwa kipimajoto nilichonunua mimi. Jiko lililotoka kwenye boksi lilikuwa na mshale unaomwambia mtu joto lipo wakati halipo, na nyuma ya jiko hilo kuna watu wanaojibu, mwanamke akileta ushahidi, kwamba ampe simu mwanamume. Kuna mtu mwingine mahali fulani ameununua mshale kama ule. Hana dada mwenye kipimajoto. Ameambiwa wekundu ndiyo moshi wenyewe, na anamgawia mtoto paja.

Kwa hiyo nyota nimezishusha tena, mbili. Huenda kesho nikaziona chache, au nyingi, kutegemea kama nimepika.

Kipimajoto chao nimekitoa, tundu lake kwenye mfuniko nimeliziba kwa bolti. Kipo kwenye droo, na risiti, na karatasi niliyoandika zile namba. Ninyi wa huduma kwa wateja, namba yangu mnayo, niliwaachia. Mkipiga nitapokea mimi.