Berkeley na Haight-Ashbury: waandamanaji na watu wa LSD

Wengi huwatia kapu moja vijana wa Marekani wa miaka ya 1960: nywele ndefu, LSD (dawa ya kulevya inayoleta njozi), mabango ya kupinga vita vya Vietnam. Lakini kati ya Berkeley, mji wa chuo kikuu huko California, na mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, palikuwa na ghuba, na si ya maji tu.

Berkeley ilikuwa siasa: vikao, vipeperushi, kuketi sakafuni mpaka polisi wakubebe. Desemba 1964 walikamatwa watu karibu 800 wakidai uhuru wa kusema chuoni, na LSD haikuwa na mkono hapo. Haight walitaka kubadili vichwa vya watu kwanza, kwa LSD. Serikali ingefuata baadaye, au isifuate.

Oktoba 1965 Ken Kesey, mpiga debe wa LSD, alialikwa Berkeley kwenye mkutano wa kupinga vita. Akapanda jukwaani, akapuliza kinanda cha mdomo, akawaambia kuandamana ni mchezo uleule wa wapiganaji. Ningekuwa mwandaaji, ningemzimia kipaza sauti.

Januari 1967 pande zote mbili zilikusanyika Golden Gate Park, bustani ya San Francisco. Picha za siku ile, nadhani, ndizo zilizotuchanganya.