Mteremkoni: Froome au Nibali?

Kwenye mashindano ya baiskeli ya wiki tatu, macho yetu huwa kwenye upandaji wa milima, tukasahau kwamba hata kushuka kunaweza kuamua nani avae jezi ya kiongozi. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alilithibitisha hilo Julai 2016 kwenye Tour de France. Kileleni mwa mlima Peyresourde alichomoka ghafla, akakalia bomba la fremu, kifua juu ya usukani, miguu ikiendelea kukanyaga pedali. Akafika mji wa Luchon sekunde 13 mbele ya wapinzani na kuvaa jezi ya njano ya kiongozi. Ulikuwa ushujaa, lakini si ufundi wa kona. Mkao ule wenyewe ni wa hatari. UCI, shirikisho la kimataifa la baiskeli, iliupiga marufuku mwaka 2021.

Mwitaliano Vincenzo Nibali, "Papa wa Messina" (papa yule samaki), aliyestaafu mwaka 2022, alikuwa akiisoma kona kabla hajaifikia: breki mapema, mguu wa nje chini, baiskeli inalala, kisha anaiachia. Kwenye Giro d'Italia ya 2016, mashindano ya wiki tatu ya Italia, wakishuka mlima Colle dell'Agnello, Steven Kruijswijk mwenye jezi ya waridi ya kiongozi aligonga ukuta wa theluji. Nibali alishinda hatua hiyo, na siku mbili baadaye Giro nzima. Mwaka 2015 alikuwa amewaacha wenzake kwenye mteremko wa Civiglio na kutwaa Il Lombardia, mashindano ya siku moja, akimaliza peke yake.

Barabara ikiwa pana na imenyooka, namchukua Froome. Ikijipinda na kulowa, Nibali, bila kusita.