Maalim wa Ujiji anayesoma wasia wa zamani: nimelipa 45,000 na nitarudi

Kurasa 3, kila ukurasa 15,000, na wiki 5 za kungoja badala ya moja aliyoniahidi. Naanza na hayo kwa kuwa ndiyo kila mtu ananiuliza, na kwa kuwa wiki zile nilimsema sana Maalim jikoni kwangu hapa Mwanga, Kigoma. Jina lake siliandiki, hataki kutangazwa. Kazi yake ni kusoma karatasi za zamani za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu: wasia, hati za shamba, barua. Anaifanya barazani kwake baada ya alasiri.

Za kwangu zilitoka kwenye sanduku la bati la bibi mzaa baba. Mbili wasia wa baba yake, ya tatu mgawanyo wa mirathi. Wino umekuwa rangi ya chai. Nyumbani tuliambiwa tangu utotoni kwamba mzee yule alikuwa Mwarabu wa Maskati, na shangazi yangu ana pua anayoionyesha kama ushahidi.

Kabla ya Maalim nilijaribu kwa kijana mmoja wa mtaani, anayesoma Kurani mpaka unatokwa na machozi. Akakwama. Kurani ina alama zote za irabu, mwandishi wetu hakuweka hata moja, na lugha yenyewe si Kiarabu. Baada ya kuhangaika sana akatuambia babu alikuwa "mtu wa ngoma". Kaka yangu akadai sasa ameelewa kwa nini hawezi kukaa kitini kwenye harusi.

Kosa la pili ni langu. Nilipeleka ukurasa wa tatu duka moja la fotokopi, nikatoka nje kupokea simu. Kurudi, kijana ameshaufanyia laminesheni, "usichakae, mama". Na kwa kuwa karatasi ilikuwa ndefu kuliko A4, akakata ukingo wa chini uingie vizuri. Nilichakura ndoo ya taka mbele ya wateja. Taka za asubuhi zilikuwa zimeshachomwa.

Maalim alipouona aliugeuzageuza, akaniangalia juu ya miwani. "Binti yangu, karatasi umeivika koti la mvua." Basi, hakuongeza lawama.

Sasa kazi yenyewe. Anasoma ukurasa mzima kwa sauti mara tatu kabla ya kugusa kalamu, karatasi akiielekeza kwenye mwanga wa ubavuni. Kisha anaandika kwenye daftari, upande mmoja herufi za Kiarabu kama zilivyo, upande wa pili Kiswahili chetu cha kawaida. Asipokuwa na hakika anapiga mstari mwekundu na kuliacha neno hivyo hivyo. Kwenye kurasa zangu kuna mistari myekundu 11. Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka 31, namjua mtu anayebahatisha jibu. Huyu habahatishi.

Ile ngoma, kwa mfano. Alinieleza kuwa o na u waandishi wengi waliziandika kwa herufi moja, g yetu haimo katika Kiarabu, na n iliyo mbele yake mara nyingi iliachwa, msomaji ajijazie. Kwa hiyo neno lile laweza kuwa ngoma, goma au guma. Lakini mbele yake pameandikwa "asli yangu", na hakuna mtu ambaye asili yake ni ngoma. Babu alikuwa Mgoma, mtu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Ujiji imejaa watu waliovuka kutoka huko. Maskati ikaishia pale barazani.

Tarehe ni Rajabu 14, 1344, kwa kalenda ya Kiislamu. Maalim anaipiga kichwani: gawa kwa 33, unapata kama 41, toa kwenye mwaka, ongeza 622. Inakuja 1925, na kwa kuwa Rajabu ni mwezi wa saba ikasogea mpaka mwishoni mwa Januari 1926.

Wasia unaanza na sanda na madeni, halafu unafika kwenye michikichi. Hapa niliaibika. Maalim anaacha tarakimu za Kiarabu kama zilivyo, na 5 yao ni kama sufuri yetu. Nikasoma: michikichi 10, theluthi yake 0. Nikamwambia hesabu hii darasani ningeipiga mkasi. Akacheka mpaka akakohoa. Ni 15, theluthi yake 5, na hiyo theluthi mzee ameiacha kwa mtu aliyemwita "mjoli wangu".

Mjoli ni mtumwa mwenzako, wa bwana mmoja. Sheria ya 1922 ilikuwa imeshafuta utumwa Tanganyika, lakini babu bado alilitumia neno hilo kwa rafiki yake. Maalim akanifafanulia kwamba wasia hauvuki theluthi ya mali, na mrithi haachiwi kitu kwa wasia, kwa hiyo mtu yule hakuwa miongoni mwa warithi.

Ukurasa wa tatu, ule wa koti la mvua, ndio uliofanya nisilalamikie bei. Mali imegawanywa mafungu 32: mke 4, mwana wa kiume 14, binti 7 (huyo ni bibi, jina lake lipo). Hapo ndipo mkasi wa dukani ulipopita. Maalim akaniuliza, mwalimu, jumla ngapi? 25. Zimebaki ngapi? 7. Mke na thumni yake, yaani moja ya nane, mwanamume mara mbili ya mwanamke: zile 7 ni za binti mwingine. Bibi alikuwa na dada. Hakuwahi kumtaja hata siku moja, na jina lake lilichomwa na taka za duka.

Shangazi hakufurahi. Alimfuata Maalim mwenyewe, kwa bajaji, na noti mbili za elfu kumi, amwombe pale penye "mjoli" aandike "rafiki", na "Goma" apapige mstari mwekundu. Maalim alimpa chai, akamrudishia noti zake zikiwa ndani ya daftari langu, kwenye ukurasa huo huo. Shangazi hazungumzi naye mpaka leo, ila nimesikia ameuliza kama anasoma na hati za shamba.

Mapungufu yapo. Simu hapokei. Risiti hakuna. Mti wa ukoo hachori, na anakuonya mapema kwamba watoto waliotangulia kufa kabla ya baba yao hutawaona kwenye mirathi.

Ukienda, shuka Ujiji baada ya alasiri, isiwe Ijumaa, uulizie kwa akina mama wa mawese. Nenda na daftari lako jipya, la kwake atakutoza 2,000. Na karatasi ifunge kwenye kitambaa cha pamba, kavu, hivyo hivyo ilivyotoka sandukuni.