Kamusi Nzuri ya Kazi, Kipimo Dhaifu cha Umahiri: Tathmini ya ESCO

Ofisa utumishi wa Tanga anayeandika maelezo ya kazi za kitaalamu siku hizi hawezi kutazama ndani ya mipaka ya nchi peke yake. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia Chongoleani, meli za kigeni zinaingia bandarini, na wauguzi wetu nao wanaulizia ajira za nje. Mwajiri mmoja anaieleza nafasi ya mhandisi kwa shahada na miaka ya uzoefu. Mwingine anaieleza kwa mambo ambayo mtu anapaswa kuyafanya bila kusimamiwa. Anayetaka kuyalinganisha maelezo hayo mara nyingi huelekezwa kwenye ESCO, mfumo wa Kamisheni ya Ulaya wa kuainisha stadi, umahiri, sifa na kazi, na ndio ninaoutathmini hapa kwa upande wa kada za juu.

Huduma hii hutolewa mtandaoni bila malipo. Toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2017, na sasa ina kazi zaidi ya 3,000 pamoja na stadi na maarifa zaidi ya 13,000, katika lugha 28. Kiarabu kimo, Kiswahili hakimo, kwa hiyo mtumiaji wa huku kwetu atajitafsiria mwenyewe.

Uzuri wake mkubwa ni msingi uliojengewa. Kila kazi imefungwa kwenye ISCO-08, uainishaji wa Shirika la Kazi Duniani wenye makundi makuu 10 na makundi madogo kabisa 436, ambao hata uainishaji wa kazi wa Tanzania unaufuata. Mhandisi ujenzi yuko chini ya namba 2142 na fundi sanifu ujenzi chini ya 3112. Tarakimu ya kwanza tayari inasema jambo: kundi la 2 ni la wataalamu, ambao kazi yao imewekwa katika ngazi ya nne ya ujuzi, na kundi la 3 ni la mafundi sanifu na wataalamu wasaidizi, walio ngazi ya tatu. Mtu akiwa na tangazo la kazi kutoka Ureno na jingine kutoka Dodoma, namba hiyo inamwonyesha upesi kama yanazungumzia kada moja, hata kama vyeo vimeandikwa kwa mbwembwe tofauti.

Tatizo linaanza pale msomaji anapofungua ukurasa wa kazi yenyewe. Ukurasa wa mhandisi ujenzi una maelezo mafupi, kisha stadi na maarifa ya lazima, kisha yale ya hiari. Miongoni mwa stadi za lazima zimo kurekebisha usanifu wa kihandisi na kuidhinisha usanifu. Orodha ya hiari ni ndefu kiasi kwamba anayetaka kuitimiza yote atahitaji maisha mawili. Hata hivyo, urefu si kasoro kubwa. Kasoro ni kwamba kila stadi imetajwa tu, bila kuelezwa inafanywa kwa ubora gani, katika mazingira gani, na nani anabeba lawama mambo yakiharibika. Kuidhinisha michoro ya kalvati la barabara ya kijijini na kuidhinisha michoro ya gati la kupokea meli za mafuta si jambo moja, lakini kwenye ESCO yote mawili yanakaa katika mstari uleule. Kwa kazi za ngazi ya chini upungufu huo unavumilika. Kwa kazi za juu ndio kiini cha shauri, kwa sababu kinachomtofautisha mtaalamu na msaidizi wake mara nyingi ni uzito wa uamuzi anaoruhusiwa kuufanya peke yake.

Anayetaka kuona jinsi jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri aangalie mkataba wa STCW wa mwaka 1978 kuhusu mafunzo na vyeti vya mabaharia, ambao watu wa bandari ya Tanga wanaufahamu. Majedwali yake yana safu nne: umahiri unaotakiwa, maarifa na uelewa unaouunga mkono, njia za kuuthibitisha, na vigezo vya kuupima. Kwa ofisa wa zamu ya uongozaji meli, umahiri mmojawapo ni kupanga safari na kutambua mahali meli ilipo. Uthibitisho unaweza kutokana na uzoefu wa baharini uliokubaliwa au mafunzo ya kwenye kifaa cha kuigiza uendeshaji. Na kigezo ni kwamba njia aliyoichagua inafaa kwa hali iliyopo na matokeo yake yamo ndani ya kiwango cha makosa kinachokubalika. Mtahini wa Manila na wa Dar es Salaam wakisoma safu ya nne, wanajua cha kutafuta. ESCO ina kitu kama safu mbili za kwanza tu.

Wahandisi nao walitafuta njia yao. Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ya Sydney ya 2001 na ya Dublin ya 2002 yanahusu elimu ya mhandisi, ya mwanateknolojia na ya fundi sanifu, na ngazi zinatenganishwa kwa aina ya tatizo ambalo mhusika anategemewa kulitatua. Tatizo la mhandisi ni changamani: halina jawabu la wazi, linagonganisha masuala ya kiufundi na yasiyo ya kiufundi, na linagusa watu wenye mahitaji tofauti. Tatizo la fundi sanifu limebainishwa vyema na lina taratibu zinazojulikana. Kwa maoni yangu, sentensi chache za namna hiyo zinamfaa mwandishi wa maelezo ya kazi kuliko kurasa kadhaa za stadi za hiari.

Mtumiaji akiamua kuongeza ngazi kutoka Mfumo wa Sifa wa Ulaya, wenye ngazi nane, awe mwangalifu sana. Ngazi ya 6 ya Ulaya ni ya shahada ya kwanza, wakati ngazi ya 6 ya NTA, mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi hapa Tanzania, ni stashahada ya kawaida, na shahada ya kwanza iko NTA ya 8, namba ambayo Ulaya imepewa uzamivu. Kunakili namba bila kutaja mfumo wake ni kumshusha au kumpandisha mtu kwa kalamu.

Kwa muuguzi anayetaka kwenda nje, ESCO itamsaidia kupanga wasifu wake, basi. Ruhusa ya kufanya kazi hutoka kwa mamlaka ya nchi husika, na sheria ya Ulaya inadai kwa muuguzi wa huduma za jumla mafunzo ya angalau miaka mitatu na saa 4,600. Hali ni hiyohiyo kwa mhandisi anayetazama Mombasa: njia yake ni makubaliano ya kutambuana ya mwaka 2012 kati ya bodi za wahandisi za Tanzania, Kenya na Uganda.

O*NET, hazina ya Marekani ya taarifa za kazi na stadi, ambayo nayo ni ya bure, angalau hupima kila stadi kwa umuhimu na kwa kiwango, ingawa vipimo vyake vimetokana na soko la kazi la Marekani.

Ningempendekezea ESCO ofisa utumishi, mwandaaji wa mitaala na mwandishi wa wasifu, lakini si bodi inayotahini wataalamu. Faili zake hupakuliwa na kufunguka kwenye programu ya kawaida ya majedwali. Anayezitumia aandike namba ya toleo kwenye waraka wake, kwa kuwa kazi na stadi huongezwa na kubadilishwa kila toleo jipya linapotoka.