Cha kukuweka macho Nairobi: majani chai, kahawa au miraa?

Soja wa zamu ya usiku, mwanafunzi anayekesha na vitabu na dereva wa matatu ya saa kumi alfajiri wananunua vifurushi tofauti, lakini wanachokitafuta ndani yake aghalabu ni kafeini. Kwa hivyo hatukupanga orodha hii kwa ladha wala kwa ukali. Tumeuliza jambo moja: je, mnunuzi anaweza kujua amekunywa miligramu ngapi? Mtu mzima mwenye afya asizidishe takriban miligramu 400 kwa siku, wala 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito asipite 200 kwa siku nzima.

Kafeini haikuongezei nguvu. Inakalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya ubongoni kadiri unavyokaa macho na kukuletea usingizi. Uchovu uko palepale, ila huusikii. Inafika kileleni baada ya dakika 30 hadi 60, na kwa wengi nusu yake bado imo mwilini saa tano baadaye. Miligramu 100 za saa kumi jioni bado ni 50 saa tatu usiku, wakati unajigeuzageuza kitandani.

1. Majani chai

Ya kwanza bila ubishi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 2 na kidogo, na hutoa kikombe chenye miligramu 40 hadi 50. Pakiti ya gramu 250 inapita vikombe 100. Chai nyingi ya Kenya husagwa na kuviringwa kuwa chembe ndogo, ndiyo maana inatoa rangi upesi. Tafuta chembe zenye ukubwa mmoja. Vumbi jingi chini ya pakiti huleta uchungu, na nyuzi za rangi ya kahawia ni vikonyo, si jani. Usinunue ya kupimiwa iliyowekwa karibu na sabuni au mafuta ya taa, kwani majani hunyonya harufu.

Strungi inatosha kwa dakika tatu au nne. Chai ya maziwa iliyochemka na majani yake kwa muda mrefu, kisha ikalala kwenye thamosi, hukamua kafeini zaidi, na maziwa hayaipunguzi hata chembe. Hapo ndipo watu hukosea hesabu. Kosa la pili ni sukari: vikombe vitano vya vijiko vitatu ni takriban gramu 60, wakati ukomo wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima wa kawaida ni karibu 50. Na tanini za chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwa maharagwe na mboga, kwa hivyo mwenye upungufu wa damu angoje saa moja baada ya kula.

2. Kahawa ya Kenya, iliyokaangwa karibuni

AA kwenye pakiti ni ukubwa wa punje. Haikuambii chochote kuhusu ukali, na AB nzuri huishinda AA iliyokaa rafuni mwaka mzima. Soma tarehe ya kukaangwa. Isipoandikwa, weka chini. Nunua punje nzima, au mwambie muuzaji utatumia chombo gani: ya chombo cha kusukuma (french press) isagwe kwa chembe nene, ya chujio iwe ya wastani. Ikisagwa laini kwa chombo cha kusukuma, utakunywa tope chungu.

Pima gramu 12 (vijiko viwili vya mezani, takriban) kwa mililita 200, uache dakika nne. Utapata miligramu 100 na ushei. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hivyo huna haja ya kungoja yapoe kama mtu wa Mombasa. Kukaangwa hadi iwe nyeusi tititi hakuongezi kafeini.

3. Kahawa ya kopo (ya kuyeyusha kwa maji moto)

Kwa kigezo chetu ingepanda juu zaidi, maana kijiko cha chai cha gramu 2 ni takriban miligramu 60. Imeshuka kwa sababu ya vipakiti vilivyochanganywa tayari, ambavyo sehemu kubwa ni sukari na unga wa maziwa. Kama kiungo cha kwanza si kahawa, unanunua peremende.

4. Kahawa tungu ya birika

Tamu kwa roho, ngumu kwa hesabu. Birika limekaa juu ya makaa jioni nzima na linazidi kukolea. Vikombe viwili vidogo, basi. Tangawizi inapasha kifua joto, haiondoi usingizi.

5. Kakao isiyo na sukari

Kijiko cha mezani kina miligramu 10 hivi za kafeini. Inafaa jioni.

6. Guarana na vidonge

Mbegu za guarana, mmea wa Amerika Kusini, zina kafeini nyingi kuliko za kahawa. Lebo ikitaja miligramu za guarana bila kutaja za kafeini, rudisha. Tuma SM# na namba ya kibali kwa 20023 uone kama KEBS, shirika la viwango la Kenya, wanaitambua. Kafeini tupu ya unga usiiguse: kijiko kimoja cha chai ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa, na imeua watu.

Nje ya orodha: miraa na muguka

Nchini Kenya ni zao halali. Uingereza iliipiga marufuku 2014. Kinachofanya kazi ni kathinoni, ambayo hupungua sana ndani ya siku mbili baada ya kuchumwa, na ndiyo sababu mabunda hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni. Hakuna bunda lenye lebo, kwa hivyo hakuna anayejua kipimo. Huinua shinikizo la damu na mapigo ya moyo, hufunga choo, hufukuza usingizi, na handasi (msisimko wake) ikiisha wengi huikata kwa pombe. Mwenye shinikizo, ugonjwa wa moyo au historia ya ugonjwa wa akili asiiguse, na mtu yeyote yule asiichanganye na kahawa.

Dereva anayesinzia aegeshe kwenye kituo cha mafuta, anywe kikombe kimoja cha kahawa, afumbe macho dakika 15 hadi 20. Kafeini itaanza kazi anapoamka.

Ukiandikiwa ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, punguza vikombe hadi umalize dozi, kwa kuwa dawa hiyo huchelewesha kafeini kutoka mwilini. Moyo ukienda mbio au mikono ikitetemeka, umepitisha. Anayetaka kuacha apunguze kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu. Akikata ghafla, kichwa huanza kumgonga ndani ya saa 12 hadi 24.