Kufufua maili zilizokufa za Emirates Skywards: inalipa lini?

Emirates huwauzia wanachama wa Skywards, mpango wake wa kuwatuza wasafiri kwa maili (pointi za kulipia tiketi), huduma mbili za kuokoa maili. Zile zinazoisha ndani ya miezi mitatu huongezewa mwaka mmoja, na zilizoisha ndani ya miezi sita iliyopita hurudishwa kwenye akaunti. Bei ni dola 20 za Marekani kwa kila maili 1,000. Kwa wasafiri wengi ni ghali mno.

Piga hesabu. Dola 20 kwa maili 1,000 ni senti 2 kwa maili moja. Kujua maili yako ina thamani gani, chukua nauli ya fedha taslimu, toa kodi na tozo utakazodaiwa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili. Tuseme tiketi ya Dar es Salaam hadi Dubai ni dola 420, na kwa maili ni 30,000 pamoja na tozo za dola 150. Zinabaki dola 270, yaani senti 0.9 kwa maili. Kufufua maili zote 30,000 ni dola 600, na zile 150 bado unadaiwa. Heri ununue tiketi.

Huduma hii inafaa kuziba pengo. Una maili 26,000 hai, 4,000 zimekufa: dola 80 zinakupa tiketi inayokuokolea 270. Hapo lipa, ila kwanza hakikisha nafasi ya tiketi ya maili ipo kwa tarehe unayoitaka, maana nafasi hizo ni chache, hasa msimu wa likizo. Kupandishwa daraja la biashara nako kunaweza kuvuka senti 2. Tumia hesabu ileile.

Kabla ya kulipa, kagua safari ambazo hazikuingizwa kwenye akaunti. Namba ya tiketi ya Emirates ina tarakimu 13 na huanza na 176. Iweke pamoja na pasi ya kupandia ndege, udai maili zako mapema. Huenda pengo likazibika bure.

Kinachowaponza watu ni tarehe. Maili za Skywards hudumu angalau miaka mitatu, kisha hufa mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Agosti akapata maili Julai 2023, zinaisha 31 Agosti 2026. Kusafiri tena hakuzirefushi zile za zamani, na hili ndilo kosa kubwa la mpango huu. Qatar Airways ni waungwana zaidi: Avios, yaani pointi zao, hudumu miezi 36, na ukipata au kutumia hata moja, zote zinaanza kuhesabiwa upya. Mwenye Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, ana miezi 24, na safari ya Kenya Airways iliyoingizwa kwa namba yake inatosha kuzihuisha, mradi aina ya nauli aliyonunua inatoa maili. Uliza hilo kabla hujalipia tiketi, kwa sababu baadhi ya nauli za chini kabisa hazitoi kitu.